Reli ya Kwenda Bwizuba

Soko la Nyabiondo lilikuwa limejaa hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Wanawake wa mlimani walikuwa wamemwaga juu ya mikeka maharagwe ya mwaka ule wa 1953, mekundu, meupe na ya madoadoa, na wachukuzi kutoka Walikale walipita katikati yao na mafuta ya mawese migongoni, wakiomba njia kwa sauti za watu waliochoka. Katika msongamano huo, mwanamume mmoja alikuwa amelala kifudifudi chini, shavu lake limeegemea mkeka wa Verdiane Nyirabagenzi, jicho moja amelifumba.

Verdiane alidhani ni mlevi. Lakini kaptula yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi, na nyuma ya sikio alikuwa amechomeka penseli.

“Kaka, uko nafanya nini na maharagi yangu?”

“Niko naangalia mulima,” mtu yule akajibu bila kuinuka. “Usiguse, dada. Ukigusa kidogo tu, itaanguka.”

“Hii ni maharagi ya kuuzisha. Mulima iko kule nyuma yako, mingi sana, na ni ya bure.”

“Macho yako iko juu sana, njo maana unaona maharagi. Shuka kidogo.”

Verdiane alikuwa amevaa kitenge kipya, cha buluu chenye ndege wa manjano, na hakuwa na haja ya kukichafua kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hata hivyo aliinama. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na mkeka, na hapo lundo jekundu likageuka mlima wenye kivuli, lundo jeupe likawa mlima mwingine nyuma yake, na kati yao kukawa na bonde jembamba lililoingia mbali sana. Tangu utoto alijua kwamba nchi inaweza kujificha ndani ya kitu kidogo, lakini alidhani ni yeye peke yake aliyejua.

“Treni inaweza kupita pale katikati,” mtu yule akasema taratibu.

“Treni gani?”

“Treni yangu.”

Aliinuka, akapangusa shavu, akajitambulisha. Jina lake Evode, mwenyeji wa Ntoto kule msituni, seremala kwenye shamba la pareto la Mzungu mmoja karibu na Kingi. Zamani alisukuma vigari vya mawe kwenye reli za mgodi wa Walikale. Mtoto wa injinia wa pale alikuwa na treni ndogo ya kuchezea, ya kutia ufunguo kama saa. Springi yake ilipokatika, Evode ndiye aliyeitengeneza, na familia ile iliporudi Ulaya walimwachia.

“Na ile kubwa, ya kweli, umeshaipanda?”

“Hata kuiona sijaiona. Na weye, jina yako nani?”

“Verdiane. Nyirabagenzi.”

“Mama wa wasafiri,” Evode akasema, kwa kuwa Kinyarwanda alikuwa amejifunza shambani. “Muntu wa jina kama hii anakaa chini kuuzisha maharagi?”

“Wasafiri wanakula nini?”

Evode akacheka. Kisha uso wake ukatulia. “Shida yangu ni moja. Reli inazunguka, inarudi pale ilitoka. Niliijengea mugodi kwa mbao, nikaona aibu, nikabomoa. Treni iko, lakini fasi ya kwenda hakuna.”

“Fasi iko,” Verdiane akasema, kabla hajajizuia. “Mimi niko nayo. Jina yake Bwizuba.”

*

Msimu wa kuchuma pareto ulipofika, Verdiane akaenda kuandikwa kazi kule Kingi. Mama yake, Mukandori, alimuuliza kwa nini ayapite mashamba mawili ya karibu akaende la mbali. Verdiane alijibu kwamba hewa ya Kingi ni nzuri. Mama yake akamfungia viazi vya njiani.

Walimweka Verdiane kwenye seshuari, ile nyumba ndefu ambamo maua yalikaushwa juu ya moto. Ukutani palikuwa na simu. Bwana wa shamba alitaka kujua hali ya maua bila kutoka ofisini, akamwagiza Evode avute waya juu ya nguzo za mikaratusi, kutoka karakana na ofisi mpaka seshuari. Lakini saa sita Bwana alienda kula na kulala, na kwa saa nzima waya ule ulikuwa wa watu wawili.

“Alo. Hapa seshuari.”

“Alo. Hapa treni ya Bwizuba,” sauti ya Evode ikasema. “Tumefika kwa mutoni. Tunapita wapi?”

“Asubui ao mangaribi?”

“Iko na tofauti?”

“Sana. Mangaribi mutoni unashuka kama mito yote. Lakini asubui unapanda mulima kwenda kulala. Mukipita chini asubui, mutalowana.”

Ndani ya waya Verdiane alisikia kitu kikikwaruza.

“Uko nafanya nini?”

“Niko nafuta daraja, moyo yangu. Nilikuwa nimeichora chini.”

“Usiniite moyo yangu ndani ya waya. Bwana akisikia?”

“Bwana analala. Na hii waya nilifunga mimi, inanijua. Daraja ni ya miti ao ya mawe?”

“Ni ya nywele. Malkia alikata nywele zake, wanawake wakazisuka miaka saba.”

Hivyo ndivyo Bwizuba ilivyopita, neno kwa neno, juu ya nguzo za mikaratusi. Kulikuwa na jua dogo ambalo wanawake walilivuta kwa kamba kutoka mlima huu hadi ule. Kulikuwa na Mji wa Waliochelewa, ambako chakula hakipoi mpaka mtu wa mwisho afike, hata kama alichelewa miaka kumi. Na siku moja ya mvua, kwa kuwa alikuwa anaongea na ukuta na si na uso wa mtu, Verdiane alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa yeyote. Nchi ile aliianza akiwa na miaka kumi na miwili, kwa ajili ya mdogo wake Jeannette, aliyelala na ugonjwa wa mguu misimu miwili ya mvua bila kutoka nje. Kila siku alimwongezea kipande. Jeannette alikuwa na nyumba yake kule, yenye dirisha la buluu.

“Na sasa Jeannette iko wapi?” Evode akauliza.

“Alikufa. Siku ile tulikuwa tumefika kwa daraja ya nywele. Sijapita mbele tena.”

Evode hakumwambia pole. Verdiane alimsikia anapumua upande wa pili, mpaka kengele ya kazi ikalia.

Jumapili moja, baada ya misa, Evode alimpeleka kwenye ghala nyuma ya karakana. Alikuwa amevaa koti la kuazima lililombana mabegani. Alifungua mlango na kusogea pembeni ili Verdiane aingie kwanza.

Alichokiona kilimfanya ashike mlango. Juu ya meza ndefu kama mitumbwi miwili ilikuwa imesimama milima. Evode aliijenga kwa fito za mianzi, akaifunika kwa magunia yaliyochovywa katika uji wa muhogo, akaipaka udongo, kisha akapanda juu yake kuvumwani na majani membamba ya porini mpaka ikawa na misitu. Reli alizitengeneza kwa vyuma vyembamba vya kufungia masanduku, akavisimamisha ubavu ndani ya vipande vya mianzi, kila kipande kimekatwa kwa kipimo kimoja. Mto ulikuwa wa vigae vya kioo, nao kweli ulipanda mlima. Juu yake daraja jeusi, jembamba, limesukwa kwa mkonge mpaka likang’aa kama kichwa cha bibi harusi.

Evode akatia ufunguo, akauzungusha, akaweka treni chini. Ikatoka. Haikuwa kubwa kuliko gunzi la muhindi, lakini ilipoingia bondeni Verdiane alijisikia yeye ndiye mdogo, amesimama mahali fulani kwenye mteremko ule akiitazama inapita. Na ilipokwenda, ilivuta uzi uliofichwa chini, na nyuma ya mlima kikainuka kifuniko cha shaba kilichosuguliwa, kikapita juu ya nchi polepole. Jua. Mwanga wa mlango ulikipiga, doa la dhahabu likatembea juu ya misitu, juu ya paa za Mji wa Waliochelewa, juu ya nyumba moja yenye dirisha la buluu.

Maneno aliyomnong’oneza mtoto mgonjwa yalikuwa yamesimama mbele yake, yana vivuli.

“Ndani ya ile nyumba sikuweka muntu,” Evode akasema chini chini. “Ile ni kazi yako.”

Verdiane alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka springi ikaisha na jua likasimama katikati ya mbingu.

*

Bwana wa shamba naye aliingia ghalani siku moja kutafuta misumari, akasahau misumari. Mwezi wa saba kulikuwa na maonyesho ya wakulima kule Sake, na wakubwa wengi wangefika. Alimwambia Evode mambo mawili. La kwanza, kitu kile kitaenda Sake, lakini upuuzi utoke: kusiwe na jua la kamba, wala daraja la nywele, wala mto wa kupanda. Kiwe shamba la kisasa, na treni ibebe pareto. La pili, kazi ikipendeza, atamwandikia barua ya kwenda Albertville, kwenye karakana ya treni za kweli.

Evode hakumwambia Verdiane. Siku zile simu ya saa sita ililia mara chache, na ilipolia alizungumza habari za mvua.

Siku ya maonyesho Verdiane alipanda lori pamoja na wafanyakazi wengine, amevaa kile kitenge cha ndege na kilemba cheupe, moyo umejaa. Njia nzima alifikiri jinsi watu wa Sake watakavyonyamaza watakapoona jua likipanda. Alipenya katikati ya makofi ya watu mpaka mbele. Daraja lilikuwa la chuma. Mto ulishuka. Mji wa Waliochelewa ulikuwa umegeuzwa magodauni yenye mabati, na pale palipokuwa na dirisha la buluu palisimama seshuari ndogo yenye moshi wa pamba. Juu ya vyote kulikuwa na bendera, na ubao ulioandikwa: Kivu ya Kesho.

Evode alisimama pembeni amevaa tai. Mtu mmoja mwenye miwani akamuuliza wazo zuri kama lile amelitoa wapi.

Evode akatazama viatu vyake. “Bwana njo alinionyesha,” akasema.

Alipoinua macho, Verdiane alikuwa anamtazama. Hakulia wala hakumwita. Aligeuka, akapenya tena katika watu, akarudi Kingi kwa miguu na wanawake waliouza mboga.

Kesho yake saa sita simu ililia. Verdiane aliifunika kwa kikapu cha maua. Ililia siku nne. Siku ya tano haikulia, na wenzake wakamwambia kwamba fundi Evode amepewa barua ya Albertville na ameshaondoka. Msimu ulipoisha alirudi Nyabiondo kulima na mama yake.

*

Miezi minane ilipita. Siku ya soko, mchukuzi mmoja wa mafuta alitua mzigo wake karibu na mkeka wao, akaomba maji. Alikuwa mtu wa kupenda maneno.

“Kwetu Ntoto kuko ajabu,” akasema. “Inchi muzima ndani ya nyumba moja. Iko na mito, iko na jua yake, gari ya chuma inatembea ndani. Watu wanatoka mpaka Walikale kuangalia. Wanavua viatu pa mulango.”

“Ni nani aliijenga?” Mukandori akauliza.

“Seremala mumoja. Lakini yeye anakataa, anasema yeye ni mikono tu, mwenye inchi ni bibi mumoja wa mulimani, Nyirabagenzi. Wazee wanauliza kama huyu bibi iko muzima ao alikuwa wa zamani.”

Verdiane aliendelea kupima maharagwe, kikombe kimoja mara mbili, mara tatu, bila kumimina popote. Mukandori akamwondolea kikombe mkononi.

“Mafuta ya nyumba imeisha,” mama akasema. “Tutaenda kuyatafuta kule yanatoka.”

Walitembea siku mbili pamoja na wachukuzi. Walishuka kutoka kwenye baridi ya mlimani, wakaacha mashamba ya maharagwe, wakaingia msituni ambako miti iliwafunika na joto likakaa mabegani kama mtu. Asubuhi ya pili, walipokuwa wanavuka mto juu ya gogo, Mukandori akauliza:

“Huyu seremala alikukosea?”

“Alinikosea.”

“Sana?”

Verdiane alivuka kwanza. “Sana, mama. Lakini kazi yake nilikuwa sijaona mwisho.”

Nyumba ile ilikuwa pembeni ya kijiji, ndefu, paa lake la majani limeinuliwa ili mwanga uingie kutoka juu. Mlangoni kulikuwa na viatu na ndala za magome. Mama mmoja mfupi mwenye mvi, aliyekuwa anamenya muhogo, akasimama. Alikuwa Adelaïde, mama yake Evode. Alisikia jina la mgeni, akaweka kisu chini na kumshika mikono yote miwili.

“Mama wa Bwizuba,” akasema, na alimwita mama ingawa alimzidi umri mara mbili. “Niambie, maana huyu mutoto wangu hajui. Kwa ile Muji wa Waliochelewa, ni kweli chakula haipoi?”

“Ni kweli, mama,” Verdiane akajibu.

“Basi,” Adelaïde akasema, na uso wake ukalegea. “Bwana yangu, baba ya huyu mutoto, hajafika bado. Alienda kuwinda mwaka wa vita.”

Ndani, Bwizuba haikuwa juu ya meza tena. Ilikuwa chini, imeenea nyumba nzima, na njia nyembamba za kupita watu katikati. Evode alikuwa ameijenga upya kwa vitu vya msituni: milima ya mizizi na udongo mwekundu, maji ya kweli yaliyopandishwa kwa bomba za mianzi na gurudumu dogo, hata mto ukapanda, kidogo kidogo, ukimeta. Wazee walikuwa wamechuchumaa pembeni bila kusema, kama watu walio kanisani. Treni ilitoka nyuma ya mlima, jua likapanda juu yake, na kila kichwa kikainuka kulifuata.

Mukandori alisimama mbele ya nyumba yenye dirisha la buluu. Hakuna aliyemweleza. “Hii ni ya Jeannette,” akasema. Siku zile za mvua alikuwa akipita na maji ya moto na kusikia mabinti zake wakinong’ona habari za dirisha la buluu, na hakujua ni la nyumba gani. Alikaa chini hapo hapo, miguu imenyooshwa, akatazama muda mrefu.

Treni ilifika kwenye daraja la nywele, ikasimama. Upande wa pili wa daraja hapakuwa na kitu. Palikuwa udongo mtupu, uliosawazishwa na kufagiwa, robo nzima ya nyumba.

Evode alikuwa amesimama pale, mikono ina udongo. Alikuwa amekonda.

“Hukuenda Albertville,” Verdiane akasema.

“Nilifika Bukavu na barua mufukoni. Nikaona kama naenda kupewa treni ya kulipa ile nyumba ya Jeannette nilibomoa. Nikarudi. Pale Sake niliona aibu kusema jina yako mbele ya wakubwa. Niliogopa watacheka, na barua itapotea. Hakuna sababu ingine. Nisamehe ao usinisamehe, lakini nilitaka uijue vile ilikuwa.”

“Na kwa nini huku mbele hukujenga? Ulikuwa na miezi munane.”

“Huku ni kwa kujenga weye, mimi ningekuwa na haki gani? Ulisema hujapita mbele ya daraja. Treni nayo haiwezi kukupita.”

Verdiane alitazama udongo ule uliofagiwa. Aliona alama za ufagio, na kwamba zilikuwa za leo asubuhi. Kila siku, basi, mtu huyu alifagia mahali ambapo hakuthubutu kukanyaga. Wazee walikuwa wamegeuka wote kumwangalia, na hata mama yake aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Jeannette afe, Verdiane alisikia nchi ile ikisogea ndani yake.

Alivua kilemba, akaketi kwenye ukingo wa daraja.

“Ukivuka,” akaanza, “kuko uwanja wa majani marefu, na majani haya yanakumbuka kila muntu alipita.”

Evode akachukua penseli.

Alisimulia siku tatu. Asubuhi alisema, mchana walijenga, na Mukandori, ambaye alikuwa na haraka ya kurudi, akajikuta anasuka majani ya uwanja kwa vidole vyake mwenyewe na kugombana na Adelaïde kuhusu urefu wake. Siku ya tatu, reli ilipofika ukutani, Evode aliinuka akafuta mikono kwa kaptula.

“Dada Verdiane, niko na neno.”

“Sema.”

“Nataka tuoane. Huku ao kule kwenu, fasi utapenda. Sina kazi ya Bwana tena, niko na randa na msumeno tu.”

“Na siku wakubwa watakuja tena, na bendera yao?”

“Nitasema jina yako kwanza, mbele ya yangu.”

Verdiane alimwangalia mpaka Evode akaanza kutoka jasho. “Mambo yote sitakuambia mara moja,” akasema. “Ingine utaingojea hata miaka.”

“Nitaingojea.”

“Basi mimi nakubali. Lakini mimi si mwenye kuamua peke yangu.”

Mukandori alikuwa ameshasimama, anafunga kitenge kiunoni kwa safari. Akaonyesha kwa kidevu dumu la mafuta lililojaa, lile ambalo mchukuzi wa kukodi angelipandisha mpaka Nyabiondo.

“Baba yake iko nyumbani,” akamwambia Evode. “Hiyo ni nzito, na mulima ni murefu. Ukifika nayo bila kumwaga, utaongea naye.”

Evode akachuchumaa, akapitisha kamba kwenye paji la uso kama wachukuzi wanavyofanya, akainuka. Waliondoka kijijini watatu, Mukandori mbele, Verdiane nyuma yake, na seremala akiwa wa mwisho, shingo imekaza, akitazama mahali anapoweka mguu.

Siku zile watu waliokuja Ntoto kuitazama nchi walikuta mlango umefungwa na Adelaïde amekaa mbele yake na muhogo wake. Walimuuliza gari la chuma litatembea lini.

“Mungoje,” aliwajibu. “Wenyewe wameenda kuombana ndoa.”